Joto, Barafu na Kiti Changu cha Kaunta

Jumatatu, tarehe 4

Nimepinduliwa! Mchana kweupe, mbele ya wateja, na mtoto niliyemzaa mwenyewe. Mwanangu mwokaji kaniambia nipumzike kaunta hadi ngozi ipone. Eti wateja wanalalamika, bibi anajikuna huku anafunga mkate. Nikamwambia nakuna mgongo, na mkate siwapi kwa mgongo. Hakucheka.

Na kiti changu, nilichokikalia tangu tanuri likiwa tofali bichi, kapewa nani? Mkwe mwenzangu, mama wa mkewe! Mtaa mzima humwita Bi Poda. Uso unang'aa kama sufuria mpya. Kakikalia kama kuku anayeatamia.

Bila kile kiti mimi ni nani? Ajuza wa chumba cha nyuma. Sikubali.

Jumanne, tarehe 5

Nimeingia dukani kwangu mwenyewe kama mteja, nipeleleze. Bi Poda anawasimulia watu siri ya ngozi yake. Binti yake mdogo alimpeleka hoteli yenye chumba cha mvuke. Unakaa humo mpaka jasho likutiririke, unatumbukia kwenye maji ya barafu, unarudi kwenye joto, unatumbukia tena. Damu inaamka, ngozi inakuwa ya mtoto. Kisha akanitupia jicho, akasema kwa sauti ya asali kwamba mambo hayo si ya kila mtu, mkwe, yanataka hoteli.

Hoteli! Mimi nina bekari. Nyuma ya tanuri kuna chumba cha kuumulia, unga uliokandwa unakolala kwenye trei mpaka ufure. Kina joto, kina unyevu, kina mlango. Unga unaingia umenywea, unatoka umenona. Mimi nitashindwaje?

Darasa sijakanyaga, herufi nilizisoma kwenye magunia ya ngano. Lakini akili nyingine haihitaji kengele.

Jumatano, tarehe 6

Leo nimeanza. Barafu kanipa muuza samaki wa jirani. Hawezi kuninyima, mama yake nilimuuguza mimi mpaka akasimama. Pipa zima, uani. Sikuuliza barafu ililaliwa na nani kabla yangu.

Nikafunika trei za unga kwa vitambaa safi, mimi si mchafu. Nikajifunga shuka, nikaingia na karai la mawe ya moto, nikayamwagia maji. Mvuke! Jasho! Raha! Ila rafu za juu zina vumbi la ngano la miaka. Likaloa, likaniangukia. Nikipangusa uso, nakanda.

Nikakimbilia pipa. Mama yangu mzazi! Roho ilitoka, ikanitazama, ikaona haya, ikarudi.

Mkaza mwanangu kanikuta uani mweupe pe, akapiga yowe akidhani mzimu. Nikamtuliza, nikamkumbatia, naye akanuka samaki. Paka watatu wakanifuata mpaka dukani. Bi Poda akaziba pua, akauliza kama siku hizi tunaoka dagaa. Nikamjibu kwamba paka hawafuati takataka, mkwe, wanafuata kitu kizuri. Moja kwangu!

Alhamisi, tarehe 7

Kelele alfajiri. Mvuke wangu umefurisha unga kupita kiasi! Umepanda vitambaa, umemwagika trei, unaning'inia kwenye rafu kama nguo za kuanikwa. Mwanangu kashika kichwa. Akaoka hivyo hivyo, hakuna muda.

Mikate ikatoka kama mito ya kulalia. Imekwisha kabla jua halijakaza! Wateja wanauliza mwokaji mpya ni nani. Nikasimama mlangoni, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, mpaka kila mtu akauona unyenyekevu huo.

Mwanangu kaniruhusu niendelee, ila unga ukishatoka tu. Nikasema sawa, baba, kwa huruma yangu.

Ijumaa, tarehe 8

Vita. Bi Poda hakuvumilia sifa. Kaja kukagua chumba, kasema kile ni kabati. Nikamwambia aingie basi, au anaogopa kabati? Tukawekeana sharti: atakayetoka kwanza, kiti si chake. Mkaza mwanangu shahidi nje ya mlango, analia tutoke, mama zangu, mtaniua mimi kwanza.

Tukakaa magoti yanagusana. Akanisimulia hoteli. Nikamsimulia uzazi wa mwanangu, pacha wake aliyefariki, kila kitu, bila kuficha. Poda ikaanza kushuka kwa mistari. Na chini ya poda je? Vipele! Mpaka shingoni! Mwenye ngozi ya mtoto anajikuna kuliko mimi!

Ningeweza kucheka. Nilicheka kidogo. Kisha nikamwambia ageuke, nikamkuna pale katikati ya mgongo ambapo mkono wa mtu haufiki. Akafumba macho, akasema ahsante, mkwe, tangu mume wangu afe hakuna aliyenikuna hapo. Halafu akainuka kama kaumwa na nyuki, mlango ule, pipa lile! Yowe lake lilisikika mpaka kwa kinyozi.

Nimeshinda! Mimi sikutoka kabisa. Kweli miguu ilikataa na walinivuta kwa makwapa, lakini aliyeshindwa hutoka mwenyewe. Aliyebebwa ni bingwa.

Jumamosi, tarehe 9

Nesi jirani, mteja wetu, katugombeza sote wawili kama vifaranga. Joto na barafu kwa umri wetu ni kidogo kidogo, kwa ruhusa ya daktari, maji ya kunywa karibu, na kichwa kikizunguka toka, siyo kushindana. Akauliza naoga kwa sabuni gani. Nikasema ya mche, ya kufulia, maana uchafu ni uchafu. Akashika kiuno. Kumbe ndiyo inayonichuna.

Mkaza mwanangu kaitupa. Kanipaka mafuta mwenyewe mgongo mzima, taratibu, kama mtoto. Nilijifanya jasho limeniingia machoni.

Jumapili, tarehe 24

Sijikuni! Mwanangu kanishika mkono, kaupitishia kidole, kacheka. Kanirudishia kiti mbele ya wateja. Wakapiga makofi. Nimekaa kama mkuu wa majeshi.

Nesi anasema ni mafuta. Mwache ajifurahishe. Mafuta yanang'arisha tu kilichopikwa na joto na kupozwa na barafu.

Jumatatu, tarehe 25

Siku kubwa! Nimefungua chumba cha kuumulia kwa mabibi wote wa mtaa. Wamejaa mpaka mlangoni, na kila mmoja analia anawashwa mahali. Nimewapa sabuni ya mche wajisugue kwanza, ile ya kufulia, ili mvuke upenye vizuri. Nesi hana habari. Muuza samaki kaleta mapipa mawili. Paka wamekwisha panga foleni.

Kazi hii inataka mtu wa kusimama hapa kutwa. Kaunta je? Nimepata jibu haraka, kama kawaida yangu: nimemwambia Bi Poda anikalie kiti, kwa muda tu, wiki chache, mwezi hivi.

Kakubali kabla sijamaliza sentensi. Maskini, nimemshinda kabisa.