Trekta Kuukuu la Fakihi wa Kismayu

Jumanne, 1 Machi 1955

Barua imefika kutoka Livorno, bandari ya Wataliani. Trekta langu limo melini! Linakuja pamoja na saruji na makasha ya tambi za Wataliani. Dalali aliyeniuzia ameniandikia kwa heshima kubwa: Signor Fakihi. Sheikhan, mwenye duka mkabala na langu, hajapata kuitwa Signor na mtu yeyote.

Ndani ya barua mna picha. Trekta limesimama majanini, linang'aa. Limepigwa kwa upande wa kushoto. Ni upande mzuri sana.

Hesabu yangu ni rahisi. Wataliani wa mashamba ya ndizi kule Jamama wana matrekta mapya. Wenyeji wa mto Juba wanalima kwa jembe. Baina ya jembe na trekta jipya pana nafasi, na katika nafasi hiyo nitaingia mimi na trekta kuukuu. Abdulkadiri wa Gobweni, mwenye shamba la ufuta, amesema atalichukua kabla ya mvua za mwezi wa nne, mradi alione linatembea lenyewe.

Ili kulipata nimeuza mashua ya marehemu baba. Aliyenunua ni Sheikhan. Ubao wa tatu, ule wa chini ya maji, umeliwa na wadudu. Niliupaka rangi ya kijani mara mbili. Sheikhan hakuuliza habari za ubao wa tatu. Mimi si mtu wa kujibu nisiloulizwa.

Nusu ya mashua ni ya dada yangu mkubwa, Kulthumu, aliyeolewa kisiwani Chovae. Hajajua. Nitamwambia siku nitakapokuwa tajiri. Habari kama hizi hupokelewa vizuri zaidi hivyo.

Mwanalima, mke wangu, aliitazama picha kwa muda mrefu. Akauliza upande wa pili ukoje. Maswali gani haya! Nikamwambia trekta ni kama ng'ombe, ukiona upande mmoja umemwona wote.

Jumamosi, 5 Machi

Meli! Imetia nanga mbali, kama kawaida, na shehena inaletwa pwani kwa tishari. Nusu ya mji ilikuja kutazama. Nilivaa kanzu mpya.

Trekta lilishuka likining'inia kwenye winchi, upande wa kushoto ukitukabili. Watu wakashangilia. Kisha likazunguka.

Gurudumu kubwa la kulia si lake. Ni la trekta jingine, dogo kwa shibiri mbili. Trekta zima limeinama kama mtu anayeambiwa siri.

Sheikhan aliniuliza kwa upole kama ndivyo yanavyokuwa. Nikamwambia hii ni aina ya milimani. Akauliza Gobweni mlima uko wapi. Nilikuwa na hamali wa kuwasimamia.

Hamali ishirini wamelisukuma mchangani mpaka uani kwangu. Mwanalima alikwenda moja kwa moja kuutazama upande wa kulia. Kuku wake wamehamia chini ya trekta.

Jumatatu, 7 Machi

Nimeamkia forodhani. Ushuru wa mashine ni mkubwa. Ushuru wa chuma chakavu ni mdogo mno. Nikakaa nikafikiri. Nikampeleka karani nyumbani, nikamwonyesha gurudumu, nikamwonyesha kutu, nikamwambia: bwana, hili unaliita trekta kweli?

Karani akatikisa kichwa. Nikamwambia ni vyuma tu vilivyoungwa pamoja, havitatembea mpaka kiama. Akakubali upesi kuliko nilivyopenda. Akaandika kwa Kitaliani "chuma chakavu" na kupiga muhuri mara tatu.

Akili! Nimebakiwa na fedha za mafuta ya taa ya kuliendeshea trekta.

Jumatano, 9 Machi

Nimemwita Mahmoud, aliyekuwa dereva wa malori ya Wataliani na ndiye fundi wa injini pekee niliyemwona akikubali kuja bila kucheka. Alizungusha hendeli mara arobaini. Injini ikakohoa. Akasema ajaze maji kwanza. Maji aliyoyatia juu yakatoka ubavuni.

Akakwangua rangi kwa kisu. Chini ya rangi mna lipu. Chini ya lipu mna ufa, mrefu kama kiganja changu na vidole vyake.

Mahmoud anasema kwao Wataliani kuna baridi inayoyageuza maji kuwa mawe. Yakiganda ndani ya injini yanavimba, yanapasua chuma. Nikamwambia nina miaka arobaini na mitatu, nimezaliwa kisiwani, na maji nayajua. Hayajapata kupasua kitu. Akasema kipande kizima cha injini lazima kiagizwe upya. Miezi mitano, labda sita. Mvua haitangoja.

Nimemwandikia dalali barua kali. Nimemwambia mtu anayepaka rangi juu ya ufa na kumuuzia mwenzake hamwogopi Mungu. Niliandika kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Nilipomsomea Mwanalima, aliuliza ile mashua niliipaka rangi gani. Sijui kwa nini aliuliza.

Alhamisi, 10 Machi

Bahati! Badi, mume wa Kulthumu, amekuja mjini kununua misumari. Badi ni fundi wa vyombo, na hakuna mashua aliyoiziba kwa kalafati ikavuja. Nimempeleka moja kwa moja uani.

Aliutazama ufa, akajikuna kidevu. "Shemeji, kazi yangu ni kuziba maji yasiingie. Wewe wataka niyazibe yasitoke."

Nikamwambia ufa ni ule ule, umegeuzwa tu.

Ameufanyia kazi mchana kutwa. Pamba aliichovya kwenye sifa, mafuta ya ini la papa, akaisindilia kwa patasi na nyundo, kisha akapaka chokaa iliyokandwa na mafuta. Tumejaza maji. Hayakutoka hata tone! Mahmoud amepitisha kidole kwenye ufa mara mbili, kikatoka kikavu.

Badi aliuliza mashua iko wapi, mbona haioni pwani. Nikamwambia imekwenda Ras Kamboni kuchukua mzigo.

Magharibi nikamuuliza Sheikhan, kama mtu anayepitisha wakati, mashua ameituma wapi hasa. Imeondoka leo asubuhi na mabaharia wanne. Kufuata papa mkavu, Chovae.

Chovae! Visiwa vyote hivi, na yeye amechagua Chovae! Labda Kulthumu hatakuwa pwani. Labda ana mafua.

Jumamosi, 12 Machi

Siku ya kulionyesha trekta. Uwanja ulio nyuma ya soko. Abdulkadiri amekuja kutoka Gobweni na kaka zake wawili. Mji umekuja bila kualikwa.

Hendeli mara thelathini. Likawaka! Likanguruma! Abdulkadiri alitabasamu, nimeliona tabasamu lile kwa macho yangu. Mahmoud akapanda, akatia gia, trekta likaondoka.

Likaenda kulia. Mahmoud alivuta usukani kushoto, nalo likaenda kulia. Likazunguka uwanja mara moja, watu wakapiga makofi. Likazunguka mara ya pili. Nikamweleza Abdulkadiri kwamba shamba linaweza kulimwa kwa duara, ni mtindo wa Ulaya. Akauliza pembe za shamba atazilima kwa kitu gani.

Mara ya tatu ikaja harufu. Ile sifa ya papa imeanza kuchemka. Paka walitoka sokoni, mmoja mmoja, kisha wote, wakalifuata trekta kwa mpango. Badi alifumba macho. Kisha kalafati ikaruka kama kizibo, maji ya moto yakamrukia Sheikhan kwenye kanzu. Hilo ndilo jambo jema pekee la leo. Injini ikazimika, haikuwaka tena.

Bado nilikuwa na maneno. Nilimwambia Abdulkadiri injini hubadilishwa, lakini jina la mashine hubaki. Akaomba karatasi za forodha. Nikampa kabla sijafikiri. Kitaliani hakijui, akampa Mahmoud asome. Mahmoud akasoma kwa sauti.

"Ndugu Fakihi," akasema Abdulkadiri, bila hasira hata kidogo, "nimekuja na kaka zangu kutoka Gobweni kutazama chuma chakavu?"

Wameondoka kabla ya adhuhuri.

Jumapili, 13 Machi

Mashua haijarudi. Ilitazamiwa jana.

Asubuhi kimeingia chombo kutoka Koyama. Nahodha wake anasema aliipita jana, inakuja pole pole, imezama chini kuliko mzigo ulivyoonekana. Ndani mna mwanamke, anachota maji kwa sufuria. Mwanamke mrefu wa Chovae, alisema, aliyeiona mashua ikiingia kisiwani, akauliza ni ya nani sasa, kisha akapanda bila kuruhusiwa na mtu.

Badi alikuwa kando yangu. Hakupiga kelele. Aliuliza neno moja: "Ubao gani?"

Nikamwambia wa tatu.

Amekwenda akakaa kwenye mchanga akitazama kusini. Nimekaa pia, mbali naye kidogo. Baadaye Sheikhan amekuja na kanzu yake yenye madoa, akakaa katikati yetu. Mabaharia wale ni watu wake, wawili ni watoto wa dada yake. Watatu tumekaa hivyo mpaka jua limetua. Hakuna aliyenitukana. Nimeona ni heri wangenitukana.

Leo sikufikiria trekta hata mara moja. Labda mara moja.

Jumatatu, 14 Machi

Wamefika! Saa nne asubuhi, mashua ikiwa imejaa maji nusu, papa wote wametupwa baharini. Wote watano wazima.

Kulthumu aliteremka ameloa mpaka kifuani, sufuria mkononi. Alinipita. Akamsalimu mumewe, akamsalimu Sheikhan, akawaaga mabaharia mmoja mmoja. Kisha akanirudia.

"Fakihi. Ubao ule uliujua?"

Nikasema sikuulizwa.

"Wachu watano, Fakihi. Mmoja ni mimi."

Alisema wachu, si watu, kama tulivyosema kisiwani utotoni. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikanyosha mkono niipokee sufuria, hakunipa. Ameshika ukingo wa mashua ya baba kwa muda, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa, halafu amekwenda nyumbani kwangu kubadili nguo. Mwanalima amempa kitanda changu. Mimi nimepewa mkeka.

Jumanne, 15 Machi

Kikao dukani kwa Sheikhan. Sheikhan alitaka twende kwa kadhi. Kulthumu akasema hakuna haja ya kumsumbua kadhi, akahukumu mwenyewe, na kahawa ilikuwa bado ya moto alipomaliza.

Mashua inarudi kwake na kwa Badi. Nusu yangu nayo ni yake, kwa ajili ya kuchota maji tangu Koyama. Trekta anachukua Sheikhan badala ya mashua yake. Nikasema trekta ni mali kubwa kuliko mashua mbovu. Sheikhan akasema karatasi zinasema ni chuma chakavu, zina muhuri mara tatu, na aliyeapa hivyo ni mimi.

Nimekubali. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, 19 Machi

Sheikhan amelikata trekta. Siku tatu tu! Magurudumu ya mbele yamekwenda Gobweni, Abdulkadiri anaunda gari la ng'ombe. Vyuma vizito vimekuwa nanga, vinagombaniwa na wavuvi. Bomba la moshi amelichukua mwoka mikate. Kila kipande kimempata mwenyewe. Mimi nimeachiwa kiti, hakuna aliyejua matumizi yake. Ni cha chuma, kina matundu, kinakalika. Ndicho ninachokikalia nikiandika haya.

Badi ameng'oa ubao wa tatu na kutia mpya. Alinionyesha ule wa zamani. Nilipouminya, kidole kilipita upande wa pili. Sikudhani ulikuwa mbaya kiasi hicho. Kweli sikudhani.

Alhamisi, 24 Machi

Kulthumu na Badi wameondoka leo na mashua yao. Kabla ya kupanda, dada amenishika mkono mbele ya Mwanalima na kuniapisha: sitanunua trekta tena maisha yangu, jipya wala kuukuu, la Ulaya wala la Mombasa. Nimeapa. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya uongo. Hata yeye alilainika, akaniachia papa mmoja.

Adhuhuri Sheikhan amekuja dukani kwangu mwenyewe. Hajapata kuvuka barabara tangu tufungue maduka. Amekaa, amezunguka maneno, mwisho amesema vyuma vimemlipa vizuri na amesikia serikali itatengeneza barabara ya Jamama. Akauliza kama yule dalali wangu ana mashine za kushindilia barabara. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye haya.

Anayo! Ipo kwenye orodha yake. Imetumika miaka minane tu, na mmiliki wake alikuwa padri.

Nimemwandikia dalali papo hapo, Sheikhan akinitajia maneno na mimi nikiyaboresha. Sisi ni washirika, nusu kwa nusu. Nimekuwa nikimdhulumu mtu huyu moyoni. Ana macho ya mbali.

Kiapo changu nakishika kama nilivyoapa. Trekta hulima, mashine hii haiwezi kulima hata ukiipiga.

Nusu ya Sheikhan iko tayari. Yangu pia. Mwanalima amekwenda harusini mpaka Jumapili, na cherehani yake nimeibeba mwenyewe hadi ng'ambo ya barabara, nikamuuzia Sheikhan. Ni nzito kuliko inavyoonekana.