Kamera ya Tatu Iko Stoo

Jumatatu, 4 Agosti

Harusi ya mdogo wake mke wangu ni Jumamosi. Kamera tatu, skrini moja kubwa, na wa kuchagua picha ipi ionekane ni mimi! Mwenye ukumbi kasema nikifanya vizuri, kazi ya picha pale ni yangu moja kwa moja. Nikiboronga, anamchukua Bwana Lenzi, yule mpiga picha anayevaa miwani ya jua hata chumbani. Lenzi ana mashine ya dukani ya kubadilishia picha. Mimi nina akili. Mke wangu kauliza kama hiyo akili nayo ina waranti.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeng'oa rilei mbili kwenye gari bovu la jirani. Jirani hajui, na gari halijalalamika. Rilei ni swichi inayovutwa na umeme: ukiipa umeme inashika kamera hii, ukiikatia inarudi kwa nyingine. Rahisi mno! Vitufe nimevitoa kwenye kengele za mlango. Bonyeza cha kwanza, unawaona maharusi. Cha pili, wageni. Usipobonyeza chochote, kamera ya tatu. Nimejaribu vyote, kidole juu ya kitufe. Picha safi!

Alhamisi, 7 Agosti

Lenzi kapita ukumbini. Kaniuliza kwa upole, je, kitufe kikiachiwa inakuwaje? Wivu umemfika kooni! Nimemwambia siri za ufundi hazigawiwi bure. Huyu lazima atanihujumu. Betri ya rilei nimeiweka stoo, kando ya vyakula, na kamera ya tatu nimeifunga humo humo. Akija kukata waya, nimemnasa. Wageni hawataiona stoo, maana kidole changu hakitoki kwenye vitufe.

Jumamosi, 9 Agosti

Mwanzo raha tupu. Maharusi, tak! Wageni, tak! Mama mkwe kajiona kwenye skrini, katengeneza kilemba, kanipungia mkono. Mimi! Kidole kikafa ganzi, sikujali.

Mwenye ukumbi akaja mwenyewe, uso umekunjuka. Akasema kazi ni yangu, akaninyooshea mikono yote miwili. Mtu mzima, tena tajiri wako mpya, unampaje mkono mmoja? Nikampa yote miwili.

Vichwa vyote vikaelekea kwenye skrini. Nikageuka. Baba mkwe, skrini nzima! Mzee aliyekatazwa mafuta na daktari, anayepikiwa mboga za kuchemsha tangu mwaka jana, kaketi juu ya betri yangu, paja la kuku kila mkono. Bibi harusi akapiga kelele, Baba! Watu wakacheka mpaka machozi. Mama mkwe hakucheka. Alivua viatu, akaelekea stoo.

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Wapi! Mzee kusikia kelele karuka, kang'oa waya wa betri, na rilei zikikosa umeme zinabaki kwenye kamera ya tatu. Kwa hiyo tukamwona mama mkwe akiingia, tukaona yote yaliyofuata, na hakuna wa kuzima. Mwenye ukumbi akairudisha mikono yake mfukoni taratibu.

Jumapili, 10 Agosti

Lenzi kapewa kazi. Nimelia, siwezi kuficha. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Lakini mchana mama mkwe kapiga simu! Anataka kamera jikoni kwake na skrini sebuleni, amwone mzee kila akisogelea friji. Sijaweka simu chini, kapiga baba mkwe, kwa kunong'ona. Anataka swichi ya siri: akiibonyeza, skrini ionyeshe jiko tupu.

Nimewakubalia wote wawili! Hii ndiyo familia inayothamini ufundi. Kuna tatizo dogo tu: waya uliobaki ni mfupi, haufiki jikoni. Swichi ya siri nitaifunga sebuleni, kwenye mkono wa kiti cha mama mkwe. Pale hataishuku kamwe.