Hotuba ya Mheshimiwa Hatimuria Siku ya Kuzindua Daraja la Mto Dihiri

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye naambiwa ndiye aliyepika. Mkuu wa Wilaya, unayewakilishwa hapa na msaidizi wako, anayewakilishwa na dereva wake. Waheshimiwa viongozi wa chama tawala, na waheshimiwa wa vyama vitakavyojiunga na chama tawala. Wazee wa Mukolibari. Akina mama wafumaji. Mwalimu Mkuu Golapi Pegu na wenzako wa Shule ya Msingi Mukolibari, ambao kuanzia Jumatatu mtakuwa walimu wa mahali pengine. Na ninyi nyote mliobaki, ambao ni wanafunzi wangu, kwa kuwa nilifundisha hesabu ng'ambo ya mto huu kwa miaka ishirini na miwili: hamjambo?

(Umati wote unasimama na kuitika kwa pamoja: "Hatujambo, Mwalimu!")

Kaeni.

(Wanakaa.)

Kabla sijaanza kuzungumza, naomba nizungumze machache. Nawashukuru kwa vitambaa vya heshima mlivyonivisha shingoni. Sisi watu wa Assam tunajua kwamba mgeni asiyevikwa gamosa hajafika, na mimi leo nimefika mara arobaini. Kama sauti yangu inatoka kwa shida, si mafua. Ni mapenzi yenu, ambayo sasa yamenifika masikioni.

(Makofi. Katibu wake anamwondolea vitambaa vitatu ili mdomo uonekane.)

Ndugu zangu, wapo wanaouliza huyu mwalimu wa hesabu amefanya nini tangu tumpeleke Bunge la Jimbo kule Dispur. Ni swali zuri, na lingekuwa la mtihani ningelipa alama tano. Jibu lake linahitaji mtazamo mpana. Mara ya kwanza niligombea nikiwa mgombea binafsi, alama yangu kwenye karatasi ya kura ikiwa ubao mweusi, na wapotoshaji wanasema nilishindwa. Sikushindwa. Ushindi wangu uliahirishwa kwa miaka mitano ili wananchi wapate muda wa kutosha wa kutafakari. Uchaguzi uliofuata nilishinda, na baada ya matokeo nikajiunga na chama tawala, si kwa tamaa, bali baada ya tathmini ya kina iliyoonyesha kwamba viti vya upande ule vilikuwa laini zaidi. Serikali ilipobadilika nami nilibadilika, maana ninyi mlinichagua niwe upande wa serikali, na si kosa langu kwamba serikali inahamahama kama Mto Dihiri. Kwa hiyo vyama vinne nilivyopitia msivihesabu kuwa ni usaliti. Vihesabuni kuwa ni uzoefu.

(Sauti ya mwanamume kutoka nyuma: "Vitano, Mwalimu!")

Vitano. Asante, Bipin. Hata darasani ulikuwa hivyohivyo.

Siri ya ushindi wangu ni malezi. Wapinzani wangu huja na vipaza sauti na wacheza ngoma. Mimi nikifika kijijini nauliza swali moja tu: mmeelewa?

(Umati unasimama: "Tumeelewa, Mwalimu!")

Kaeni, nilikuwa natoa mfano.

(Wanakaa.)

Sasa nije kwenye daraja. Kila uchaguzi nimeweka hapa jiwe la msingi. La kwanza lilichukuliwa na mto pamoja na ukingo wake, jambo linalothibitisha kwamba mto wenyewe umeupokea mradi. La pili, naambiwa, akina mama wanafulia nguo, na huo ndio ushirikishwaji wa jamii tunaouhubiri kila siku. La tatu linasimama, na mbuzi aliyefungwa pale naomba afunguliwe, kwa kuwa analamba jina langu. Leo hatuweki jiwe. Leo nina furaha kuwatangazia kwamba, kwa mujibu wa taarifa ya utekelezaji wa miundombinu, mchakato wa daraja la Mto Dihiri umekamilika kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, hizo kumi na mbili zikiwa ni za tahadhari, na kwamba daraja hilo lina uwezo wa kupitisha malori mawili kwa wakati mmoja bila kugusana, hata kama madereva ni ndugu waliogombania shamba.

(Makofi kutoka meza kuu.)

Maendeleo yana matokeo yake. Kwa kuwa daraja lipo, hakuna tena sababu ya kuwa na shule pande zote mbili za mto. Sera ya kuunganisha shule inaelekeza kwamba shule ndogo yenye njia ya uhakika ya kufikia nyingine iunganishwe nayo. Hivyo, nikiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya eneo hili, nimesaini agizo kwamba Shule ya Mukolibari ifungwe, na watoto wake wote, kuanzia Jumatatu, wavuke kwenda Tengabari nilikofundisha mimi, wakapate elimu iliyonifikisha hapa.

(Bi Golapi Pegu anasimama mstari wa mbele. Mkononi ana gamosa ambayo bado hajamvisha Mheshimiwa: "Mwalimu, naomba kuuliza.")

Uliza, binti yangu. Golapi alikuwa wa kwanza darasani kwangu, na mnaona wenyewe matunda ya kazi yangu.

(Bi Golapi: "Watoto wangu wa darasa la kwanza wana miaka sita. Mwezi wa sita maji yakija, hapa hata ng'ombe hatuvushi. Hao watoto watapita wapi?")

Darajani.

("Lipi?")

Hili tunalolizindua.

(Mama mmoja kutoka nyuma: "Golapi, hebu futa miwani, mwenzetu!" Kicheko kirefu.)

Kicheko nakipokea kama mchango wa wadau. Lakini tuelewane. Daraja lina hatua ya utekelezaji na lina hatua ya mwonekano, na wataalamu wa dunia nzima wanakubaliana kwamba hatua ya mwonekano ndiyo yenye gharama kubwa na faida ndogo. Watu walioendelea hawatazami mto. Wanatazama taarifa.

(Bi Golapi: "Kwa hiyo niwaambie wazazi watoto wao wakanyage taarifa? Mwalimu, mwaka ule wa mafuriko ulikuwa unakuja kutuchukua wewe mwenyewe. Ulikuwa unatukalisha chini ndani ya mashua, unatushika wawili wawili, unasema anayesimama atachapwa kiboko ng'ambo. Ulikuwa unaogopa maji haya kuliko sisi. Sasa leo maji yamepungua nini?")

Naomba maji ya kunywa.

(Anakunywa. Anakunywa tena.)

Hayo yalikuwa mazingira ya kabla ya dira. Tuendelee. Kwa kuwa serikali haiwezi kugharimia daraja na mashua kwa pamoja, agizo hilohilo, aya ya pili, limefuta kibali cha kivuko kuanzia adhuhuri ya leo. Nampongeza nahodha wetu, Lakhiram Taid, kwa utumishi uliotukuka, na sasa namwomba asogeze mashua, kwa sababu saa kumi kamati ya chama inakaa Tengabari kuteua mgombea wa uchaguzi ujao. Wanaoitaka nafasi yangu ni kumi na mmoja, na asiyefika anahesabiwa amejitoa.

(Lakhiram Taid anasimama, mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa ubaoni: "Mwalimu, siwezi.")

Huwezi nini?

("Kuvusha. Adhuhuri imeshapita. Aya ya pili. Injini nimeshaifungua, iko nyumbani.")

Lakhiram, aliyesaini ni mimi.

("Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo maana naogopa. Ulishanichapa kwa kubishana na ulichoandika ubaoni, na kumbe ulikuwa umekosea wewe.")

Basi niitieni mashua nyingine.

("Zote zilikuwa chini ya kibali hichohicho.")

(Vijana walio juu ya ukuta wa shule: "Apite darajani! Mheshimiwa kwanza, watoto baadaye!" Mama wa nyuma: "Wewe ndiye lori la kwanza, baba!" Umati, bila kuulizwa swali lolote, unasimama wote: "Darajani, Mwalimu!")

Kaeni.

(Hawakai.)

Nimesema kaeni.

(Hawakai. Mheshimiwa anatazama mto. Anatazama saa. Katibu anamnong'oneza jambo.)

Ndugu wananchi mliosimama, serikali sikivu haisubiri kupigiwa kelele. Husikia ikiwa katikati ya sentensi. Baada ya mapitio ya kina niliyoyafanya hapa mbele yenu, nimebaini umuhimu wa usafiri wa majini katika uchumi wa kisasa. Kwa mamlaka niliyonayo naifuta aya ya pili. Lakhiram, kalete injini.

(Lakhiram anamtazama Bi Golapi. Hasogei.)

(Bi Golapi: "Na aya ya kwanza?")

Aya ya kwanza inahusu shule. Ni suala jingine kabisa.

(Bi Golapi: "Ni mlinganyo mmoja, Mwalimu. Ulitufundisha mwenyewe: ukipunguza huku, punguza na kule. Mashua inarudi kwa sababu daraja halipo. Kama halipo kwako wewe mwenye shughuli ng'ambo, halipo na kwa mtoto wa miaka sita. Nimekosea wapi?")

(Bipin: "Mpe alama zake, Mwalimu, muda unakwenda!")

Hujakosea. Alama kumi. Katibu, kalamu.

(Anaandika kwamba agizo lote limefutwa, na anasaini juu ya mgongo wa katibu. Bi Golapi anausoma ule mstari, anamrudishia: "Tarehe." Anaweka tarehe. Bi Golapi anaikunja karatasi, anaitia ndani ya blauzi, kisha anamvisha ile gamosa. Lakhiram anaondoka mbio kuelekea nyumbani kwake. Watu wanakaa.)

Natangaza basi, kwa fahari kubwa, kwamba Shule ya Msingi Mukolibari, iliyokuwa ifungwe na watu ambao kwa sababu za kiungwana sitawataja, imeokolewa leo na mbunge wenu. Natangaza pia kwamba huduma ya mashua, iliyodorora kwa muda wa saa mbili nzima, imefufuliwa. Katika historia ya Bunge letu sijui mjumbe mwingine aliyetatua matatizo mawili kwa sahihi moja, na namwomba katibu aliweke jambo hili mezani kwa kamati kabla hata sijakaa. Shule juu!

("Juu!")

Mashua juu!

("Juu zaidi!")

Daraja hoyee!

(Mbuzi peke yake.)

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru akina mama kwa maandazi ya mchele na ufuta, na nitaomba machache ya safari. Wa mwisho, lakini kwa uzito wa pekee, namshukuru Mhandisi Mkuu aliyeketi pale kwenye kiti cha bluu, aliyesafiri kutoka Dispur kwa heshima ya daraja hili, na ambaye asubuhi tukiwa ndani ya mashua aliniuliza kwa unyenyekevu mkubwa mto huu unaitwaje, kwa sababu hajawahi kuletewa ombi wala mchoro wowote unaouhusu. Unaitwa Dihiri, Mhandisi. Nakuomba ukumbuke, tutakuhitaji uchaguzi ujao. Sasa nakwenda kukata utepe, na naomba vijana wawili wenye nguvu wanishike kiunoni, maana baada ya utepe ni maji. Asanteni sana.