Ombi la Kufuta Msiba Wangu wa Jumamosi

Erdington, Birmingham
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Mama Mkwe mheshimiwa, chumba cha juu,

Mimi Onsongo, mume wa binti yako Kemunto, nakuandikia kutoka kwa ile gereji niliyoigeuza chumba cha gemu. Adabu ya mkwe hainiruhusu kuja kukaa mbele yako nikulalamikie, ndiyo maana natumia karatasi. Nasikia umefunga mizigo uhamie kwa shemeji Mark kule Northfield. Naomba ukae nasi zile wiki tatu zilizobaki. Lakini kwanza, malalamiko.

1. Picha uliyoiona ukutani si ya maziko. Ni sanaa ya mtindo wa Kijapani. Yule ni samurai, askari wao wa zamani, amebaki mifupa na kofia ya vita, ameshika rimoti ya gemu. Amecheza mpaka akafa, na bado anacheza. Mkewe amepiga magoti nyuma yake na maua. Ni ya kuchekesha, Mama. Muuzaji aliniambia yale maandishi ya pembeni yanasema "raundi moja tu". Mimi nilicheka mpaka nikaketi chini. Kemunto hakucheka.

2. Ijumaa ulishuka kutoa samaki kwa friza iliyo hapa gereji, mimi nikiwa kazini Tyseley naosha treni. Ukamuuliza binti yetu Fiona huyu kwa picha ni nani. Mtoto wa darasa la nne akakujibu, "That's Dad." Kiingereza hicho ulikielewa: huyo ni Baba. Macho ya Kemunto yalikuwa mekundu kwa sababu ya shifti za usiku, si ujane.

3. Unasema tangu ufike Jumatatu hukuwa umeniona hata kivuli. Hiyo ilikuwa heshima ya mkwe. Sawa, nusu ilikuwa heshima. Robo.

4. Jumamosi mchana, Kemunto akiwa wodini kwa shifti ya ziada, uliita ushirika wa maombi. Wakaja watu kumi na wanne na chapati, mkaingia gereji, mkaimba nyimbo mbili mkitazama picha. Mimi nilikuwa hapo hapo, nimefichwa na mgongo wa kiti changu kirefu, masikio yamezibwa na hedifoni. Mlidhani runinga imeachwa ikiwaka. Fiona ananiambia Njoroge alisema nilikuwa mtu wa watu. Miaka kumi na moja namjua Njoroge, hajawahi kunisifu! Wewe nawe ukasema, "Huyu alikufa kitambo, ni vile tu binti yangu hakutaka kuniambia." Hilo, Mama, limenichoma.

5. Niliposimama kutafuta chaja, Achieng aliangusha thamosi akapiga kelele, "Woi! Marehemu ameamka!" Leo kanisani watu wamenishika mkono wakikagua kama una joto. Jeannine wa Kongo ameniuliza, "Papa Fiona, uko mtu ao roho?"

Kwa hivyo naomba utangaze kwamba niko hai, unirudishie picha uliyoifunga kwa leso, na ufungue mizigo. Mimi ni mkwe mzima, nipo, tena nasikia.

Wasalimie wote waliolia, hasa aliyelia kwa sauti bila kunijua. Chapati zenu zilikuwa tamu, nilikula sita.

Mkweo, anayepumua,
Onsongo

N.B. Kemunto alikuja kuchukua hii barua akuletee, nikamwambia angoje kidogo nimalize raundi. Nimemaliza. Fiona anasema Mark alikuja na gari, ukasimama hapa mlangoni kwangu muda mrefu ukiniita kwa jina, halafu mkaondoka saa tisa. Sasa ni saa kumi na moja. Mama, futa malalamiko yote matano. Hamkukosea nyumba wala marehemu. Nakuja Northfield na basi, na Kemunto amekubali kukaa kando yangu. Nikifika nitabisha. Kama adabu inataka ukae chumba kingine, kaa, lakini uache mlango wazi, uniite tena.