Meno ya Shangazi kwa Video

Jumatatu, 3 Machi

Nimenyimwa kazi niliyoumbiwa. Zahanati wamempa Vestina! Atazunguka Kashozi na simu kwa wazee wasioweza kutoka ndani, awaonyeshe kwa Daktari Jyoti aliye mjini, Miembeni. Daktari anatazama meno kwenye video, anasema la kufanya. Vestina! Mtu aliyeshindwa hata kuongoza kwaya.

Ila mgonjwa bora kuliko wote ninaye mimi, humu ndani. Shangazi yangu Kokwijuka hajainuka kitandani tangu avunjike nyonga, na sasa jino linamsumbua. Namba ya daktari nimeinakili kutoka ukutani pale zahanati. Nitamhudumia kabla Vestina hajafika. Daktari akiona kazi yangu, atajua wa kuajiriwa ni nani.

Jumanne, 4 Machi

Maafa. Nilimwambia Shangazi apanue mdomo, akapanua kidogo. Nikamulika tochi, nikasukuma shavu kwa kijiko ili picha itoke vizuri. Kijiko kikagonga jino lenyewe. Alipiga yowe, majirani wakaja na mapanga. Tangu hapo kafunga mdomo. Nimembembeleza, nimemwita waitu kwa heshima zote, nimempigia magoti. Kageukia ukutani.

Na daktari nilikuwa nimeshampigia, anasubiri! Nikapanda kwa Ma Edvina, jirani yetu wa huko juu kilimani, ambako mtandao unashika. Naye ni mzee, naye ana mdomo. Alifurahi kupigwa video, akajifunga kitenge kipya. Nikamwambia daktari kwamba huyo ndiye Kokwijuka. Daktari akasema fizi ni safi, hakuna cha kuogopa, asukutue kwa maji ya chumvi. Akanisifu na mimi kwamba namulika vizuri. Namulika vizuri!

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nimempelekea Shangazi maji ya chumvi. Kayatema. Ndizi zetu za ebitoke nimeziponda mpaka zikawa kama uji, hajagusa. Nikamwambia Mungu anauona mfungo wake. Shavu limejaa. Lakini daktari kasema hakuna cha kuogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Jicho moja limezibwa na uvimbe. Mwili unachoma. Vestina kaja bila kualikwa. Hakuomba kijiko. Aliketi kitandani, akaongea naye Kihaya polepole, habari za mvua na kahawa, na mdomo ukafunguka wenyewe. Harufu ilijaa chumba kizima. Akarekodi, akakimbia huko juu kutuma, nami nyuma yake. Daktari akapiga mara moja. Nilimsikia mwenyewe: "Huyu ni nani? Kokwijuka nilimwona juzi, hana hata jino moja upande huo!"

Vestina akanigeukia. Nikasema labda ni mtandao.

Usaha ulikuwa umeshuka shingoni. Daktari akasema gari lije sasa hivi. Tulimtoa Shangazi na kitanda chake mpaka barabarani. Nilishika pembe moja. Uzito wote ulikuwa wa mbao.

Jumapili, 9 Machi

Hospitalini. Jino limeng'olewa, shingo imepasuliwa ili usaha utoke. Daktari Jyoti aliniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba tungechelewa kidogo tu, leo tungekuwa tunamtafuta padri. Upole ule uliniuma kuliko matusi. Nilipoingia wodini Shangazi akaziba mdomo kwa mkono. Nesi alipokuja, akautoa.

Jumamosi, 15 Machi

Binti yake Renatha kamchukua, amempeleka kwake Muleba. Shangazi hakuniaga. Renatha kaniambia nisiende kumtazama mpaka niitwe. Nyumba kimya. Nimekula kiporo peke yangu, kitanda chake kikiwa kitupu mbele yangu. Nimelia kidogo, jambo la kawaida kwa mtu aliyeonewa.

Vestina kaongezewa na wazee wa Rwamishenye. Kila mtu anasema ndiye aliyemwokoa Shangazi. Hakuna anayeuliza ni nani aliyekuwa wa kwanza kumtafuta daktari!

Lakini nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa kuchagua meno. Nasikia mjini yupo daktari wa macho anayetazama wagonjwa kwa picha. Kesho baada ya misa nakwenda kwa Ta Julius, mzee wa Kashozi hapa hapa, ambaye haoni mbele wala nyuma. Daktari huyo nimeshampigia, nimemwahidi picha. Mzee akigoma kufumbua macho, nitapiga yangu. Yangu ni mazima kabisa.