Naomba Kibali cha Kula Mafuta Yote ya Nyumba Hii

Mbololo, Voi

Kwa Daktari Mumo,

Salamu, na pole kwa foleni isiyokwisha. Mimi ni Hudson, mume wa Selpha mwenye uvimbe kwenye titi, na ni mimi niliyekuuliza maswali mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Naandika kwa heshima ingawa nimekasirika.

1. Ulitueleza kwamba seli za saratani hupenda kolesteroli, huitumia kujengea kuta zao, zikazaana haraka. Maneno hayo ungeyasema shemeji yangu Phanice akiwa nje. Tangu siku hiyo amefungia samli kabatini, na ufunguo anakwenda nao hata kanisani.

2. Tunakula kimanga kikavu. Daktari, wewe ni Mkamba, hujui uchungu wa Mtaita kumeza mihogo na maharagwe ya kuponda bila tone la mafuta.

3. Ulisema pia kwamba hata tusipokula mafuta, ini lenyewe hutengeneza kolesteroli, na seli hizo nazo hujitengenezea. Sasa mbuzi wangu anashtakiwa kwa kosa gani, na ini linatembea huru?

4. Nimepata suluhisho, naomba ulitie muhuri. Mafuta yote ya nyumba hii niyale mimi: samli, mbavu za mbuzi, ngozi ya kuku. Nikiyamaliza, uvimbe utakosa vifaa vya ujenzi. Niko tayari kujitolea, na Jumapili nitajitolea mara mbili.

5. Phanice ameuita mpango huu ulafi. Mwandikie.

Najua ulisema Selpha ale vizuri apate nguvu. Hatukukusikia, akili zetu sote zilikuwa bado kwenye zile kuta za seli. Tangu aanze dawa za mishipani hataki chakula. Ananisukumia sahani yake, nami naimaliza ili asione nikiiangalia. Naogopa, Daktari.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa langoni, na yule mama wa maabara mwenye mkono mwepesi wa kutoa damu.

Wako katika njaa na utiifu,
Hudson

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Selpha ameamka akaomba mayai ya kukaanga, tena yaogelee mafuta. Phanice mwenyewe ndiye aliyekaanga, huku akilia. Mimi sikuonja hata kipande. Amekula matatu, sasa anaulizia la nne, na kuku wangu wanaotaga ni wawili tu. Muhuri usitie. Ukipita huku, tuletee mayai.