Kidevu cha Oratile

Jumatatu, 3 Juni
Baridi kali. Binti yangu Oratile kalowanisha fulana ya tatu kabla ya uji. Mwezi ujao anatimiza miaka minne na udenda bado unachirizika! Jumamosi atabeba maua kwenye harusi ya mdogo wa mke wangu. Mothusi, kaka wa mke wangu, kaniuliza mbele ya watu: "Shemeji, hiyo koki utaifunga lini?" Wakacheka. Mke wangu, Gaone, anataka twende zahanati. Nimemwambia ni meno tu. Nina dawa yangu.

Jumanne, 4 Juni
Filimbi! Nikipuliza, Oratile ameze mate. Akadhani ni mchezo, akanitemea. Jirani katoka kuuliza mpira unachezwa wapi.

Jumatano, 5 Juni
Nimeshona kola ya taulo ndani ya gauni la harusi. Werevu mtupu! Saa moja baadaye imelowa chepechepe. Chini yake ngozi imebabuka. Hakulia. Alisema tu, "Baba, inauma." Gaone akaifumua kola bila kunitazama.

Ijumaa, 7 Juni
Zahanati. Nikamwahi nesi: meno hayo. Akauliza kama Oratile hupaliwa akila, kama anasikia akiitwa, analalaje. Nikasema fofofo, anakoroma kama mzee. Nilitegemea acheke. Wapi!

Oratile alikuwa amesinzia mapajani mwangu, mdomo wazi. Nesi akaninyamazisha kwa kidole. Mkoromo ukakatika. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Nikahesabu hadi saba. Kisha akashtuka, akavuta pumzi.

"Umesikia, Baba Oratile?"

Mkoromo huo nimeusikia mwaka mzima. Mafindofindo yamevimba, akasema, na huenda kuna nyama nyuma ya pua. Anapumulia mdomo, ndiyo maana mate hayakai. Daktari wa Gaborone ataamua.

Jumamosi, 8 Juni
Harusi. Maua yamelowa. Bibi harusi akambusu kidevu hivyo hivyo. Nimemwambia Mothusi ugonjwa niliugundua mimi. Gaone alikuwa nyuma yangu.

Jumapili, 21 Julai
Siku ya kumi na mbili tangu upasuaji. Kidevu kikavu! Mchana kalala kimya hadi nikainama kusikiliza kama anapumua. Anapumua. Nikatoka uani kidogo. Vumbi liliniingia machoni.

Gaone anasema jicho la kushoto la Oratile linakwenda upande, tumpeleke akapimwe. Ya nini? Jicho ni uvivu tu. Nimeshachora nukta ukutani, na kijiti cha kuonyeshea nimekichonga.